Tone Jekundu Chini ya Gari la Urithi

Nyumba ya urithi huitiwa mthamini, na dhahabu hupelekwa kwa sonara ikapimwe mizanini. Lakini gari kuukuu la marehemu, katika mitaa yetu hii ya Kariakoo na Gerezani, huthaminiwa na yeyote aliyepita akaliona limeegeshwa ukutani. Mmoja atasema ni chuma chakavu, mwingine atasema ni lulu, na warithi waliokaa mkekani hawana la kuwajibu. Nawaandikia hao, kwa kuwa gari la marehemu baba lilikaribia kututia ufa sisi watoto wa tumbo moja.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz ya umbo liitwalo W123, lililoanza kutoka viwandani Ujerumani mwaka 1976 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1980. Magari ya umbo hilo yalitengenezwa zaidi ya milioni 2.5, na kule Morocco yalifanywa teksi za safari ndefu kwa miaka mingi. La baba ni la giaboksi ya otomatiki. Mama alipomaliza eda tulikaa kugawa: ikitoka thumni yake, kinachobaki ni mafungu matano, kaka mawili, mimi mawili, dada moja. Hesabu hiyo ni nyepesi. Uzito uko katika kujua kinachogawanywa kina thamani gani.

Dalali akaja na fundi wake. Gari lilikuwa likisita kila linapotiwa gia, na likiisha kupata moto injini hunguruma bila gari kuvuta. Chini yake, usawa wa giaboksi, palikuwa na dimbwi dogo jekundu. Fundi akachungulia, akapangusa mikono, akasema giaboksi imekufa. Dalali akataja bei ya chuma chakavu. Kaka, ambaye ndiye aliyebeba mizunguko yote ya mahakamani na benki tangu msiba, alikuwa tayari kupokea fedha hizo na kufunga shauri. Dada, mwenye fungu dogo kuliko sisi, ndiye aliyeuliza, "Kaka, imekufa kwa maradhi gani?"

Hapakuwa na mwenye jibu. Simdhanii mtu vibaya. Huenda yule fundi aliamini alichokisema. Lakini aliyekiona ni dimbwi tu, na dimbwi si maradhi.

Giaboksi ya otomatiki hutegemea mafuta yake kwa namna ambayo gia ya mkono haitegemei. Katika gia ya mkono mafuta hulainisha tu. Katika otomatiki, mafuta yenyewe ndiyo yanayopokea nguvu ya injini na kuipeleka mbele, na shinikizo lake ndilo linalobana sahani zilizomo ndani. Yakipungua, hakuna cha kubana, na gari huonyesha dalili zilezile za giaboksi iliyokwisha. Kazi hiyo huyatia moto mkali, kwa hiyo mabomba mawili membamba huyasafirisha hadi mbele ya gari: moja huyapeleka kwenye kipoozeo kidogo kilichozamishwa ndani ya rejeta, jingine huyarudisha. Katika njia hiyo yote, penye kila maungio na kila kipande cha mpira, yanaweza kuvuja.

Tulimwita mzee mmoja fundi wa Gerezani, jirani yetu katika safu ya swala ya alfajiri. Hakuingia chini ya gari kwanza. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto, gia ikiwa kwenye maegesho, ndipo akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Wengi hukipima injini ikiwa imezimwa, kama wapimavyo oili ya injini, na kwa gari hili kipimo hicho hudanganya. Alikifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kwa sababu uzi mmoja ukiingia ndani waweza kuziba vijia vyembamba. Mafuta yalikuwa chini sana ya alama, lakini mekundu bado, wala hayakunuka kuungua. Sahani zikiungua, mafuta hugeuka hudhurungi au meusi na harufu yake haifichiki.

Gari lilipopoa akafungua kifuniko cha rejeta. Maji yalikuwa safi. "Ungeyaona yamekuwa kama maziwa ya waridi, ustadhi, hapo ningekupa pole," aliniambia. Maana yake kipoozeo kingekuwa kimetoboka kwa ndani na maji yamechanganyika na mafuta; na maji yakiingia giaboksi huharibu gundi inayoshika tabaka la msuguano juu ya sahani.

Kisha akaosha tumbo lote la gari kwa mafuta ya taa, akalikausha, akajaza mafuta yaliyopungua, tukaenda nalo hadi Ilala na kurudi. Tulipolegesha juu ya boksi lililokunjuliwa, tone lilianguka palepale pa mwanzo, chini ya giaboksi. Kaka akaguna. Mzee akalala chali na kurunzi, akapitisha kidole juu ya bomba kutoka nyuma kwenda mbele. Bomba lilikuwa limelowa kwa urefu wake wote hadi karibu na rejeta, kisha likawa kavu ghafla. Hapo mpakani, kishikizo kilikuwa kimepoteza mpira wake, na bomba likawa linasuguana na chuma kila injini inapotikisika, hadi likatoboka tundu la ncha ya sindano. Upepo wa mwendo na mteremko wa bomba ndivyo vilivyoyabeba mafuta hadi nyuma na kuyadondosha yalikodhaniwa kuzaliwa.

Kwenye matengenezo kulikuwa na vishawishi. Kijana wake alitaka kukata penye tundu na kuunga kwa mpira wa maji na klipu mbili. Mzee akakataa, kwa kuwa mpira wa rejeta ukikutana na mafuta huvimba na kulainika. Bomba la kopa la mafundi majokofu hupindika vizuri mkononi, lakini mtikisiko huligandisha na mwisho hupasuka. Wapo pia wanaounga mabomba mawili yakutane na kuiruka rejeta kabisa. Kwa foleni ya Msimbazi saa nane mchana, huko ni kuipika giaboksi. Alipinda bomba jipya la chuma kwa kulilinganisha na la zamani, akatanua ncha zake ili mpira usichomoke. Dukani aliniagiza mpira wenye chapa ya SAE J1532, ambao umekusudiwa mafuta ya giaboksi yenye moto, nami nilipita maduka manne kabla ya kuupata. Mafuta aliongeza kidogo kidogo akipima, maana yakizidi hutoa povu, na povu halibani kitu.

Gari likavuta, baridi na moto.

Wathamini wawili wasiojuana waliletwa upya, na bei zao zilikaribiana, mbali sana na ile ya dalali. Kaka alilichukua gari na kutulipa mafungu yetu, kwanza mama, kisha dada, mimi nikawa wa mwisho. Gharama za bomba, mpira na ufundi zilitolewa katika tarika kabla ya mgawo, na nilizinakili kwenye daftari kama ninavyonakili za msikiti, stakabadhi zikiwa zimebanwa ukurasani. Lile boksi kaka hulitandika hadi leo. Wiki iliyopita aliniita nitazame matone mawili. Yalikuwa meusi, tena yako mbele: oili ya injini, na hiyo ni kesi nyingine.