Usingoje Mpaka Uumwe

Ndugu msomaji, nakuuliza swali moja kwanza. Ni nani kati yetu huenda hospitali akiwa hana maumivu? Tumbo likikata, tunakunywa maji ya moto. Likizidi, tunanunua vidonge dukani. Likishindikana kabisa, ndipo tunamtafuta daktari. Ndivyo tulivyolelewa, na kwa magonjwa mengi hatupati hasara kubwa. Lakini uko ugonjwa mmoja ambao desturi hiyo inatuponza sana, nao ni saratani ya njia ya chakula, tangu umio mpaka mwisho wa utumbo mpana. Ukiwa mdogo hauumi. Ukianza kuuma, mara nyingi umekwisha kuwa mkubwa. Basi leo nataka kukueleza namna nilivyojifunza jambo hilo, na kazi ambayo madaktari wanaweza kuifanya siku hizi bila kumpasua mtu tumbo.

Kaka yangu mkubwa alifariki mwaka 2019 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 54. Alikuwa mkulima hodari, hajapata kulazwa hata siku moja. Damu ilipoonekana chooni alisema ni bawasiri, na watu wote wa nyumbani walikubali, maana bawasiri ni maradhi ya kawaida. Alipopasuliwa, ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika kwenye ini. Baada ya mazishi nilikwenda kuchukua karatasi zake, na daktari akaniuliza tumezaliwa wangapi tumbo moja. Nikamwambia tulizaliwa watano. Akasema, "Ninyi wanne mliobaki mje mpimwe. Msingoje dalili." Akanieleza kwamba mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja amepata ugonjwa huu, yafaa aanze kupimwa akifika miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ule ambao ndugu yake alionekana nao. Katika sisi wanne, watatu tulikuwa tumekwisha kupita 40, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa na 39.

Nilipopeleka habari hizo nyumbani, maneno yalikuwa mengi. Shangazi yetu alinitazama akasema, "Mwanangu, usiamshe aliyelala, utalala wewe. Huumwi, wataka nini huko?" Sikumjibu kwa haraka, kwa kuwa ni mzee wangu na alisema kwa mapenzi. Mdogo wangu naye akauliza kipimo chenyewe hupitia wapi. Nilipomweleza kwamba mpira hupitishwa njia ya haja kubwa, alinyanyuka akatoka nje. Nadhani nawe, msomaji, umeshtuka kidogo. Lakini wazee hao hao waliotufundisha kutoamsha aliyelala ndio waliotufundisha pia kwamba mficha uchi hazai.

Kipimo chenyewe ni hivi. Siku moja kabla, huli chakula kizito, unakunywa vitu vyepesi tu, kama chai ya rangi na mchuzi uliochujwa. Jioni unapewa dawa ya kuharisha iliyochanganywa na maji mengi, nawe unaimaliza yote. Sitakuficha, usiku ule sikulala, safari za chooni zilikuwa hazina hesabu. Lakini ni lazima utumbo uwe safi, maana daktari hawezi kuona kitu katika uchafu.

Kesho yake nililazwa ubavu wa kushoto, nikachomwa sindano ya kunituliza. Haikuwa nusu kaputi, nilisikia sauti za watu. Mpira wenyewe ni mwembamba kama kidole, nao hupinda huku na huku kama shina la mboga. Mbele yake mna taa na kamera ndogo, na ndani yake mna tundu la kupitishia vyombo. Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu, na mpira uliupita wote. Sikuona maumivu ya kukatwa, ila kujaa tumbo kwa ajili ya hewa wanayopuliza ili njia ifunguke. Kwenye kioo nilijiona mimi mwenyewe kwa ndani. Ni pekundu, panang'aa kwa unyevu, kama ndani ya shavu la mtoto.

Daktari alikuta vinyama viwili. Kimoja kilikuwa na ukubwa wa harage, kimesimama juu ya kikonyo kama uyoga. Akapitisha kitanzi cha waya mwembamba, akakitupia shingoni, akakaza kama mtu anayetega ndege, kisha akapitisha umeme kidogo. Kikakatika, na damu ikafungwa papo hapo. Cha pili kilikuwa kimelala bapa, upana wake kama ukucha wa kidole gumba. Hicho ndicho kilichohitaji akili. Ukuta wa utumbo ni mwembamba, unene wake ni milimita chache tu, na ukikata ovyo unatoboa. Kwa hiyo alichoma sindano pembeni, akaingiza maji chini ya kile kinyama, nacho kikainuka kama lengelenge, mbali na nyama ya chini. Ndipo akakikata chote kwa kipande kimoja. Muuguzi aliniambia kazi nzima haikufika saa moja. Sikushonwa uzi hata mmoja, na jioni nilikuwa nyumbani.

Wiki mbili baadaye majibu ya maabara yalitoka. Kile kidogo hakikuwa na neno. Kile bapa kilikuwa kimeanza kubadilika ndani, lakini bado hakijawa saratani. Daktari alisema vinyama vingi havifiki huko, na vile vinavyofika huchukua miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi. Nikahesabu miaka kumi mbele kutoka siku ile, nikaona umri wa kaka yangu.

Labda utauliza ujuzi huu umetoka wapi. Umekuja polepole. Mwaka 1868, katika mji wa Freiburg, Ujerumani, daktari Adolf Kussmaul alimtumia mtu aliyekuwa akionyesha watu namna ya kumeza upanga, akampitishia bomba gumu lililonyooka mpaka tumboni. Ni wachache ambao wangeweza kuvumilia hayo. Mwaka 1957 daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, akifanya kazi Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alikuwa na mpira unaopinda, uliojaa nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga. Aliumeza yeye mwenyewe kwanza, ndipo akampa mgonjwa. Mwaka 1969, New York, Hiromi Shinya na William Wolff walianza kukata vinyama vya utumbo mpana kwa kitanzi cha waya kupitia mpira. Na Wajapani, ambao saratani ya tumbo imewasumbua sana, walijifunza kuitafuta ikiwa ndogo. Katika miaka ya 1990 wakatengeneza visu vidogo vya kupitisha ndani ya mpira, wakaweza kubandua hata kinyama kipana kwa kipande kimoja. Nao uchunguzi wa miaka mingi wa huko Marekani, uliotangazwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba kwa watu waliotolewa vinyama vya namna hiyo, vifo vya saratani ya utumbo mpana vilipungua kwa kama nusu ya vile vilivyotazamiwa.

Lakini nisikudanganye kwa kusifu tu. Kazi hii ina mpaka wake. Huweza kufanyika wakati ugonjwa uko katika utando wa juu. Chini ya utando huo mna mishipa na njia za kwenda kwenye matezi, na ugonjwa ukishuka huko sana, mpira hautoshi, kisu kinatakiwa. Tena, mara chache, damu hutoka baadaye, au ukuta hutoboka, ndiyo maana yataka mkono uliozoea. Na hapa kwetu hospitali zenye vyombo na wataalamu wa kazi hii si nyingi, na gharama si ndogo. Sisi watatu tuliuza ng'ombe mmoja, tukagawana.

Upande wetu huu wa Afrika Mashariki tunasumbuliwa zaidi na saratani ya umio. Wengi hufika hospitali wakiwa hawawezi kumeza hata ugali laini. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek, huko Bomet nchini Kenya, waliwapima kwa mpira watu waliojiona wazima. Walipaka iodini katika umio. Mahali pazima hugeuka rangi ya kahawia, mahali palipoanza kuharibika hapashiki rangi. Wakakuta kwa baadhi ya watu hao mabadiliko ambayo hakuna aliyeyahisi. Ni habari ile ile, mwanzo wa ugonjwa hauna sauti.

Kwa hiyo, msomaji, shika haya. Ukiona damu chooni, usiseme bawasiri mpaka daktari ameseme hivyo baada ya kukupima. Choo kikibadilika kwa wiki nyingi, ukikonda bila sababu, ukiambiwa damu imepungua na haijulikani inakwenda wapi, au chakula kikianza kukwama kifuani, nenda. Na kama ndugu yako wa damu amekufa kwa saratani ya utumbo, nenda hata kama huna dalili yoyote, ukamwambie daktari habari za ndugu yako.

Dada zangu wawili walipimwa baada yangu. Mmoja hakuwa na kitu, mwingine alitolewa kinyama kimoja kidogo. Shangazi sasa ndiye anayenikumbusha mwaka wangu wa kurudi, maana nilipewa miaka mitatu. Mdogo wetu wa mwisho mpaka leo hajaenda. Simlaumu, na siwezi kumbeba mgongoni. Lakini gazeti hili hulisoma kila wiki, hata matangazo. Mdogo wangu, nauli ninayo, na fedha ya kipimo tumekwisha kuiweka. Chagua siku tu, nitakuja kukuchukua.