Nilifuta "Ila"

Kwetu Unguja mtu akiulizwa hujambo husema sijambo, hata akiwa kitandani na dripu mkononi. Akiulizwa habari, husema nzuri. Habari yenyewe huja baadaye, nyuma ya neno dogo: nzuri, ila mtoto anachemka; nzuri, ila mzee hatunaye tena. Nimezaliwa ndani ya lugha hii na nimeamkiana na watu kwayo kila asubuhi ya maisha yangu. Hata hivyo nilimfutia mwanamke mmoja ila yake mbele ya wenzake thelathini na wanane, naye ana mimba ya miezi saba. Yeye nimekwenda kumwomba radhi. Wale thelathini na wanane walioniona nikifuta sijawaomba, na ndiyo sababu naandika.

Kundi la wajawazito la WhatsApp nililianzisha mwaka 2023. Mimi si daktari wala mkunga. Mimba yangu ya pili ilikuwa imenichosha moyo kuliko mwili. Nilikuwa nakesha nikihesabu mapigo ya feni, mchana nalia jikoni bila kujua nalilia nini, na ndugu zangu wakinitazama husema mimba ndivyo zilivyo. Katika kukesha huko nikakutana mtandaoni na kozi ya saikolojia chanya, na ndani yake zoezi la mema matatu. Lilinisaidia. Nimekosea, lakini hilo sitalikana: usiku niliokuwa naandika kwamba jirani kaniletea bokoboko, na kwamba kaniletea kwa kuwa aliniona sina nguvu ya kupika, nililala.

Zoezi lenyewe lina asili yake. Martin Seligman, mwanasaikolojia wa Marekani, alipokuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa nchi yake mwaka 1998, aliwataka wenzake wachunguze pia kinachomfanya mtu astawi, wasiishie kwenye maradhi. Mwaka 2005 yeye na wenzake watatu walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa njia ya intaneti, ambayo watu wazima 577 walijiandikisha kushiriki. Mojawapo lilikuwa hili: kila usiku, kwa wiki moja, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri leo, na kwa kila moja andika kwa nini limetokea. Miezi sita baadaye waliopewa zoezi hilo walikuwa na nafuu kuliko waliopewa zoezi la kuzuga.

Wiki moja. Kila mtu na daftari lake. Na lile "kwa nini", ambalo kwa maoni yangu ndilo zoezi lenyewe, maana ndilo linalomrudisha mtu kwa jirani, kwa mama, kwa mkono wake mwenyewe uliofanya jambo. Mimi nilikata "kwa nini" ili ujumbe uwe mfupi. Nililitoa zoezi daftarini nikaliweka mbele za watu. Nikaondoa mwisho wake, likawa la kila usiku hadi mtu ajifungue. Tena wale 577 walikuwa watu waliojitafutia zoezi wenyewe, wengi wao wasomi. Mimi nililipeleka kwa wanawake wa Jang'ombe, Mwera na Fuoni ambao wengine walikuwa wameacha kula, na sikumuuliza hata mmoja yuko katika hali gani kabla ya kumwambia ahesabu mema.

Kwa miezi ya mwanzo lilikuwa kundi zuri, na naukumbuka uzuri wake kwa upendo. Baada ya sala ya Isha natuma ujumbe: Mema matatu ya leo, akina mama. Simu inaanza kutetema. Mtoto kacheza mpaka shati limetikisika. Nimepata embe boribo la kwanza la msimu. Mume kanisuka nywele, hajui kusuka lakini kanisuka. Nilikuwa nasoma huku natabasamu peke yangu gizani. Ndipo nikaweka sheria, kwa kuogopa kuharibika kwa kitu nilichokipenda: hapa tunaandika mema tu, mabaya tumwachie Mungu. Wengi walikuwa na mimba ya kwanza, na nilijiambia nawakinga.

Yule niliyemfutia ila, mwenzetu wa Fuoni, alijiunga akiwa na mimba ya miezi mitano. Ya kwanza ilikuwa imeharibika ikiwa na miezi sita. Alinieleza siku alipoomba kuingia, kwa hiyo nilijua. Aliandika kila usiku bila kukosa, hata nikawa namtolea mfano. Usiku mmoja akaandika hivi:

Nimeamka Alhamdulillah. Mama kaniletea uji. Mtoto kacheza. Ila dada usingizi sina siku ya kumi sasa, na kila kukicha naona bora kusingekucha.

Niliusoma wote. Niliusoma mara mbili. Moyo ulinipiga, na wazo la kwanza lililonijia halikuwa yeye. Lilikuwa wale wengine, watakapoufungua. Nikaufuta. WhatsApp humruhusu msimamizi kufuta ujumbe wa mtu mwingine, lakini huacha alama kwamba msimamizi ameufuta, na alama hiyo ilikaa pale katikati ya maembe na mateke ya watoto. Nikamwandikia faraghani: Mdogo wangu, tukumbuke sheria yetu, kesho itakuwa siku njema inshallah. Nikaweka na ua. Alijibu: Samahani dada.

Kesho yake aliandika mema matatu, mafupi, bila ila. Nilifurahi. Niliamini kwamba nimemsaidia kugeuza mawazo.

Siku ya kumi na saba tangu nimfutie hakuandika. Ya kumi na nane nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Nikasalimu, nikasema shikamoo, sauti ya mtu mzima ikaitikia marahaba, kisha ikauliza, "Mwanangu, wewe ndiye mwalimu wao wa kwenye simu?" Alikuwa mama yake mzazi. Binti yake alikuwa ameacha kula, akikaa anamtazama mama yake tu, na usiku uliotangulia alikuwa amesema maneno ambayo mama hakuyarudia kwangu wala mimi sikumwomba ayarudie. Walimpeleka kliniki asubuhi. Mama alichotaka kwangu ni kujua jambo moja: mwanawe alikuwa akiniandikia kila siku, je, sikuona kitu?

Baada ya simu ile nilipanda juu kwenye mazungumzo yetu nikasoma siku zile kumi na sita. Nimeamka. Nimekula. Mtoto kachza. Siku ya pili: Nimeamka. Nimekula. Mtoto kachza. Na ya tatu. Herufi ile ile imekosekana, mahali pale pale, siku kumi na sita. Aliandika mara moja tu, siku baada ya kufutwa. Zilizobaki alikuwa akinakili na kubandika. Na chini ya kila moja palikuwa na moyo mwekundu, kutoka kwangu.

Nesi aliyempokea kliniki alifanya nilichopaswa kufanya miezi mitatu nyuma. Alikaa naye akamuuliza maswali kumi. Ni kipimo kilichotungwa Uskoti na John Cox, Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, kikachapishwa mwaka 1987. Kilikusudiwa waliokwisha kujifungua, lakini hutumika kwa wajawazito pia. Kinauliza kuhusu siku saba zilizopita, na alama huanzia 0 hadi 30. Nimekisoma mara nyingi tangu siku ile. Hakiulizi uchovu wala hamu ya chakula, kwa sababu uchovu na kukosa hamu kila mwenye mimba anavyo, na hapo ndipo sonona hujificha hadi familia nzima ikasema mimba ndivyo zilivyo. Kinauliza kama umeweza kucheka. Kama umejilaumu bila sababu mambo yalipokwenda kombo. Swali la mwisho linauliza kama umewahi kufikiria kujidhuru, na jibu la hilo halisubiri jumla ya alama: akisema ndiyo, haondoki peke yake. Ila niliyoifuta ilikuwa jibu la swali hilo kabla halijaulizwa.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi kama zetu wajawazito wapatao 15.6 katika kila mia wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua hufikia 19.8. Kundi langu lilikuwa na watu thelathini na tisa. Sikuhitaji kuwa mtaalamu wa hesabu kujua kwamba yeye hakuwa peke yake. Wengine nao waliiona ile alama ya kufutwa, wakajua lisilosemwa hapa.

Alitibiwa kwa mazungumzo na dawa, chini ya daktari, akajifungua salama mtoto wa kike. Nilikwenda kumwona mtoto akiwa na wiki tano. Kwenye daladala niliandaa uwongo. Nilipanga kumwambia kwamba sikuusoma ujumbe wake hadi mwisho, kwamba niliona umekuwa mrefu. Tulipokaa barazani, mtoto yuko mapajani mwake anapakwa mafuta ya nazi, ndilo alilouliza kwanza.

"Dada, uliusoma wote?"

Nilimtazama mikono. Nikasema, "Niliusoma wote."

Aliendelea kumpaka mtoto mgongo. "Nilijua," akasema. "Nikasema, kama hata dada kaona hilo ni baya la kufutwa, basi mimi ndiye mbaya."

Sikuwa na la kujibu zaidi ya samahani. Alisema amenisamehe, na namwamini. Kwenye kundi hakurudi.

Kundi bado lipo, baada ya mimi kulifunga kwa wiki sita. Watu wameniambia kosa langu lilikuwa simu, kwamba mambo ya moyo hayatibiwi kwa bando. Sikubali. Hapa hapa Zanzibar, mwaka 2009 hadi 2010, watafiti waliwafuatilia wajawazito 2,550 katika vituo 24 vya afya. Wa kundi moja walipata ujumbe mfupi wa simu, na pamoja nao vocha ya kumpigia mhudumu wa afya wao wenyewe. Asilimia 60 ya hao walijifungua mikononi mwa wenye ujuzi. Wenzao ilikuwa 47. Faida iliwafikia hasa wa mjini. Ninachokiona mimi hapo ni vocha. Ujumbe uliingia na sauti ikaweza kutoka. Kijijini Pakistan, wahudumu wa afya wa kike waliofunzwa walikuwa wakiwatembelea majumbani wajawazito wenye sonona, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba, wakizungumza nao kuhusu mawazo yao, mtoto na watu wa nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, na katika kundi la kulinganisha 53. Hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu waliofika, wakauliza, wakarudi tena.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiomba kuingia, kwanza nampigia. Mkunga mmoja mstaafu amekubali tushirikiane, na maswali kumi anauliza yeye, ana kwa ana, si mimi. Zoezi ni la wiki moja, kila mtu na daftari lake, na "kwa nini" imerudi. Kundini tunasalimiana tu na kuambizana siku za kliniki. Na nasema wazi kwa wenzangu wanaoendesha huduma kama hii: kama hakuna mtu wa kupokea simu saa nane za usiku, wala kituo ambacho mmekubaliana kitampokea mgonjwa, basi msimwombe mwanamke afungue moyo wake.

Sheria ya mema tu nimeiondoa. Usiku wa kwanza niliandika: Habari za leo, na ila zake. Zaidi ya saa nzima hapakuwa na jibu lolote. Halafu zikaanza kuingia, lakini si kundini. Kumi na mmoja waliniandikia faraghani. Watatu kati yao walikuwepo tangu mwanzo, na mmoja alianza kwa kuniuliza kama nitamfuta.

Yule wa Fuoni ninampigia kila Alhamisi. Si kila mara hupokea. Akipokea namuuliza habari, naye husema nzuri. Nanyamaza, nasubiri.