Tulimwambia mtoto baba amesafiri

Simu iliingia saa nne usiku nikiwa Karatu, ninakofanya kazi. Baba mdogo hakusalimia. Alisema tu, "Njoo nyumbani," akakata.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 34. Siku hiyo alikwenda mnadani na mbuzi wanne, akauza watatu, akarudi Oloipiri jioni na sukari, majani ya chai na viatu vya mtoto. Akasema kifua kinambana. Akaomba maji. Kabla halijapatikana gari la kumfikisha hospitali Waso, alikuwa ameshakata roho. Hakuwa mgonjwa. Watu huniuliza, "Kwani alikuwa anaumwa nini?" Nawajibu kwamba asubuhi yake alichinja kuku akiimba.

Nimezoea kwenda nyumbani kupitia lango la Loduare na ukingo wa kreta, lakini usiku lango hufungwa. Tukashuka Mto wa Mbu, tukafuata njia ya Engaresero. Kulipopambazuka, mlima Oldoinyo Lengai ulikuwa kushoto kwetu. Dereva hakuwasha redio njia nzima. Nakumbuka hilo kuliko mengi ya msibani.

Aliacha mke na watoto watatu. Mkubwa alikuwa na miaka tisa, akaelewa. Wa mwisho alikuwa ananyonya. Wa katikati, mvulana wa miaka minne, ndiye aliyekuwa akibebwa mabegani na baba yake kila asubuhi hadi zizini, akifundishwa kumtambua ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake. Baba huyo alikuwa mtu wa kucheka kabla hajamaliza hadithi, hata ukashindwa kujua mwisho wake. Kwenye biashara hakuwa hodari; ukimweleza shida zako mnadani, bei ilishuka yenyewe. Shemeji alikuwa akimgombeza kwa hilo. Sasa anasema angetoa mbuzi wote amgombeze tena mara moja.

Yule wa katikati tulimwambia baba amesafiri. Nadhani mimi ndiye niliyesema kwanza. Kilichofuata ni kwamba kila gari lililotimua vumbi, mtoto alikimbia barabarani. Viatu alivyonunuliwa akakataa kuvivaa, anamsubiri baba aje amvalishe. Mzazi mwenzangu, ukifikwa na jambo hili usiseme "amesafiri" wala "amelala". Mtoto mdogo huchukua neno kama lilivyo. Sisi tulimpa mtoto kazi ya kusubiri, naye akaifanya kwa uaminifu.

Ugumu mwingine ulitokana na mila. Kwa wazee wetu wa Kimaasai, jina la marehemu halitajwi ndani ya familia yake. Ni heshima, na mimi nimelelewa nayo. Lakini niliona nyumba nzima ikinyamaza. Hadithi zake zilikoma kwa sababu hakuna aliyejua pa kuzianzia. Mtoto akiuliza, anapewa maziwa.

Siku moja nilimkabili baba mdogo. Nikamwambia, Edward Sokoine alikuwa Mmaasai, mtoto wa Monduli. Alikuwa Waziri Mkuu na baba wa watoto, akafa ghafla kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, akiwa na miaka 45. Vijana wanasoma Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, watu wanacheza mpira Uwanja wa Sokoine kule Mbeya. Jina linatajwa kila siku. Nani amedhurika?

Baba mdogo alikaa kimya kidogo akichora ardhi kwa fimbo. "Yule alikuwa wa nchi," akasema. "Huyu ni wetu."

Sikuwa na jibu. Bado sina. Hata hapa sijaliandika jina la mdogo wangu, maana mama yangu husomewa ukurasa huu.

Miaka miwili baadaye mtoto akaanza darasa la kwanza. Sikuwa nimelifikiria kabisa jambo hili: shuleni mtu ana majina matatu, lake, la baba na la ukoo. Mwalimu akiita mahudhurio, anayaita yote. Nilikuwa nyumbani likizo jioni alipoingia, akasimama wima kama askari na kuyataja kwa sauti, moja, mbili, matatu.

Mama yangu alikuwa anakoroga uji. Mwiko ukasimama. Shemeji akainamisha kichwa.

"Koko," mtoto akamuuliza bibi yake, "na wewe unalijua hilo jina la katikati?"

"Nalijua kabla yako," mama akasema.

Akamketisha, akamsimulia jinsi mwenye jina hilo alivyopoteza ndama watatu akiwa mtoto, akalala juu ya mti kwa kuogopa fimbo, na ndama wakarudi wenyewe kabla yake. Hakulitaja jina. Alisema "baba yako", tena na tena, kuliko nilivyowahi kumsikia tangu msiba. Akacheka kabla hajamaliza. Nilikuwa sijajua kwamba kile kicheko kilitoka kwake.

"Anarudi lini?" mtoto akauliza.

Shemeji ndiye aliyejibu. "Amekufa, mwanangu. Harudi."

Mtoto alimtazama mama yake muda mrefu. Kisha akasema alikuwa anajua, na je, uji uko tayari?

Viatu vile sasa anavivaa mdogo wake. Cha kushoto kimeshatoboka.