Paja la Baba Amina

Mwaka juzi mume wangu, askari polisi, aliumia paja gari la doria lilipopinduka. Jeraha lilifunga, lakini msuli haukurudi. Mahali pake paliota kovu gumu kama kamba ya katani, na kuchuchumaa kukamshinda. Alipoagizwa akandwe kila jioni, alikataa. Ugumu, alisema, ndio uzima wa askari. Mimi, mwalimu kwa cheti na karani kwa kazi, sikuwa na la kumjibu mpaka niliposoma habari za wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani.

Mwaka 2006 Adam Engler, Dennis Discher na wenzao walitwaa chembe hai za uboho wa mifupa, zile changa ambazo hazijajipambanua kazi yake, wakazilaza juu ya jeli iitwayo poliakrilamaidi. Jeli ilikuwa moja, ila waliigandisha kwa viwango mbalimbali, kama mpishi azidishavyo unga hata uji ukawa posho. Juu ya jeli teketeke, isiyozidi kilopaskali 1, mfano wa ubongo, chembe zilichipuza matawi kama za neva. Juu ya ile ya kilopaskali 8 hadi 17, mfano wa msuli, zilirefuka kama za msuli. Juu ya ile ya 25 hadi 40 zilielekea kuwa za mfupa. Chembe hushika kilichopo chini yake na kukivuta, kama mgeni abonyezaye godoro kabla ya kulala. Zilipotiwa dawa ya kuzuia kuvuta huko, tofauti ile ilitoweka.

Lililonigusa zaidi ni la mwaka 2010, katika maabara ya Helen Blau, Chuo Kikuu cha Stanford. Chembe za kutengeneza msuli, zikilelewa juu ya sahani ngumu ya plastiki, hupoteza upesi uwezo wake. Zilipolelewa juu ya jeli ya kilopaskali 12 ziliuhifadhi, zikajenga msuli zilipopandikizwa katika panya. Panya, nasema, dawa ya paja la mume wangu sikuiona humo.

Nilimsomea yote. "Mama Amina," akasema, "mwataka askari alale juu ya uji?" Tulicheka sana. Kisha akanyosha mguu mwenyewe, nami nikaleta mafuta.

Jana alichuchumaa hadi nusu, ameshika kizingiti cha mlango.