Herufi Moja ya Utenzi

Mwaka jana niliunda programu ndogo ya kupima mashairi, kwa JavaScript. Mtunzi huandika beti zake, nayo humhesabia mizani na kumwonyesha vina vilipolegea. Kila bahari niliiwekea moduli yake: tarbia yenye mizani 16 katika mshororo, utenzi wenye mizani 8. Moduli hizo hazipakiwi zote programu inapoanza. Kila moja huitwa kwa jina pale tu inapohitajika. Kwenye kompyuta yangu ya Windows kila kitu kilikwenda sawa. Nikaipeleka kwenye seva ya Linux, nikaijaribu kwa tarbia mbili (mimi ni mtu wa tarbia), nikaridhika.

Kisha mama mmoja wa Tanga, mjane, akaleta utenzi wa kumlilia marehemu mumewe. Programu ikamjibu: “Tungo hili halina arudhi.” Kumbukumbu za seva zinaonyesha kwamba alirudi siku nne mfululizo, kila mara na beti zilizobadilishwa. *Mume wangu msafiri* akaiandika *Mume wangu musafiri*, akidhani mashine haiitambui ile *m* isimamayo peke yake kuwa ni mizani kamili. Siku ya tano akanipigia simu. “Mwanangu, nimekosea wapi?”

Nilihesabu kwa vidole. Hakukosea popote. Mchana kutwa nikapekua kanuni zangu za mizani, mahali pasipokuwa na kosa. Usiku ndipo nilipokumbuka kwamba, kwa kuchelea programu isianguke mbele ya watu, niliiagiza idake kila hitilafu na kuinyamazisha. Lolote likishindikana, jibu lilikuwa lile lile moja. Nilipoliondoa agizo hilo, hitilafu ikajisema yenyewe: moduli haikupatikana. Faili nililipa jina *Utenzi*, kwa herufi kubwa, kama tuandikavyo vichwa vya tungo. Programu ililiita *utenzi*. Windows, kwa kawaida yake, haijali tofauti hiyo katika majina ya mafaili. Linux huijali.

Hata kulisahihisha kulikuwa na ukaidi wake. Git kwenye kompyuta yangu haikuona kwamba jina limebadilika, ikanibidi nilipe faili jina jingine kabisa, kisha ndipo nilirudishie lake kwa herufi ndogo.

Herufi ni jambo dogo. Linaloniuma ni lile jibu. Programu haikuupima utenzi ule hata mara moja, ila ilimhukumu mtunzi wake mara nne, kwa maneno niliyoyaandika mimi.

Nilimpigia, nikamwamkia, nikamweleza na kumwomba radhi. Akacheka kidogo, akasema *m* yake ataifanya kama ilivyokuwa. Lakini katika siku zile nne alikuwa amekwisha kufuta beti mbili alizodhani ndizo zenye ila, wala hakuwa na nakala. Mmoja ameukumbuka. Wa pili bado anautafuta.