Meli Mbili za Mke wa Askari

Mwaka 1958 mke wa askari mmoja wa Keya alitoka Jinja na wanawe wawili kurejea kwao Koboko. Huko Butiaba alipanda Robert Coryndon, meli kubwa ya Ziwa Albert. Ilipendeza macho, lakini mawimbi yaliwatapisha watoto usiku kucha. Yule mdogo alikataa hata maziwa, na mama akaingiwa na hofu. Pakwach wakahamia Lugard II, yenye gurudumu nyuma. Hiyo ilikuwa ndogo, yenye joto na mbu. Walakini mto ulitulia. Watoto wakala, wakalala, wakahesabu viboko hadi Rhino Camp, bandari ya kuendea Arua.

Coryndon ilizama mwaka 1964. Wajukuu wakimwuliza bibi huyo ipi ilikuwa bora, hujibu: “Ile iliyowalaza wanangu.”