Imeandikwa Wapi?

Akina mama wenzetu, mwezi huu tunaanza kwa kuungama, kisha ndipo tufundishe.

Sisi ni wauguzi wawili wenye umri wa miaka arobaini na kitu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunajitolea kufundisha somo la afya katika umoja wa wanawake wa usharika wetu. Siku moja somo lilikuwa utunzaji wa mtoto mchanga. Tulipofika kwenye kitovu tukasema kama tulivyozoea miaka yote: kipanguswe kwa spiriti asubuhi, mchana na jioni, mpaka kidondoke.

Mama mmoja kijana, mwalimu wa shule ya msingi, mjamzito wa miezi minane, akainua mkono. "Shikamooni mama zangu. Naomba kuuliza, hilo la spiriti limeandikwa wapi?"

Ukumbi ukanyamaza. Tuliona kama tumevunjiwa heshima mbele ya watu. Mmoja wetu akajibu upesi: "Mwanangu, sisi ni wauguzi wenye diploma. Kazi hii tumeianza wewe bado uko shuleni." Akina mama wakacheka. Yule mwalimu akaketi, akainamisha kichwa, nasi tukaendelea na somo. Hatukumwambia limeandikwa wapi, kwa sababu hatukujua.

Swali lile lilitufuata mpaka nyumbani. Jioni, tukiwa jikoni kwa mmoja wetu, tukamsimulia kijana wa nyumba ile, aliye kidato cha nne. Akachukua simu akafungua Wikipedia, ile kamusi elezo ya kwenye intaneti. Tukamkemea: "Hiyo si huandikwa na mtu yeyote tu? Hata majina yao ni ya bandia!" Akajibu kwa adabu, "Ndiyo mama, lakini tazameni hivi vitarakimu vidogo." Mwishoni mwa sentensi palikuwa na namba ndogo. Akaigusa, ikatupeleka kwenye tanbihi iliyotaja chapisho la Shirika la Afya Duniani. Tukafuatilia hatua kwa hatua hadi mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2022 kuhusu huduma kwa mama na mtoto baada ya kujifungua. Umeandikwa wazi: kitovu kiachwe kisafi na kikavu. Dawa ya klorheksidini hupakwa katika wiki ya kwanza pale tu ambapo watu wana desturi ya kupaka vitu vya hatari, kama samadi. Spiriti haimo. Zaidi ya hapo, tulisoma kwamba spiriti huweza kuchelewesha kitovu kudondoka.

Tulinyamaza kwa muda. Chai ikapoa.

Kazi ya watu wasiojulikana

Tangu siku ile tulitaka kujua kamusi hiyo inaandikwaje. Wikipedia ilianzishwa Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Wanaoiandika na kuisahihisha ni watu wa kujitolea, hawalipwi, kama vile sisi tusivyolipwa kwa somo la Jumamosi. Mtu halazimiki kutaja jina lake halisi wala kuonyesha cheti.

Mtauliza: sasa tutamwaminije mtu tusiyemjua? Jibu lao ni kwamba msimwamini yeye, bali mkague alikotoa habari. Kanuni yao ni kwamba neno linaloweza kubishaniwa lazima liwe na chanzo kilichochapishwa na chenye kuaminika, ambacho msomaji anaweza kwenda kukitazama mwenyewe. Kwa mambo ya tiba wamekaza zaidi. Wanataka miongozo ya mashirika makubwa ya afya, vitabu vya kiada, na makala za majarida ya kitabibu zinazokusanya na kupima tafiti nyingi kwa pamoja. Ushuhuda wa mtu mmoja aliyepona hautoshi. Hata daktari bingwa akiandika humo, haruhusiwi kusema "najua kwa sababu mimi ni daktari." Naye sharti aonyeshe limeandikwa wapi.

Tena Wikipedia yenyewe hukataza makala yake moja itumiwe kuwa chanzo cha nyingine. Inajijua kuwa ni njia ya kupitia, si mwisho wa safari.

Profesa asiyekuwa profesa

Si kwamba kanuni hiyo hufuatwa na wote. Mwezi Mei 2005 mtu mmoja asiyejulikana aliandika humo habari za mwanahabari wa Marekani, John Seigenthaler. Alidai kwamba mzee huyo aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya Rais John Kennedy na ya Robert, mdogo wake Rais. Ulikuwa uongo mtupu. Seigenthaler aliwahi kumtumikia Robert Kennedy kama msaidizi wake, na alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Hata hivyo uongo ule ulikaa zaidi ya miezi minne, hauna chanzo hata kimoja, na hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Aliyeuandika alisema baadaye kwamba alikuwa anatania tu.

Kisa cha pili ndicho kilichotuchoma. Palikuwa na mhariri aliyejiita Essjay. Alijieleza kuwa profesa wa teolojia, mwenye shahada za udaktari, na zaidi ya mara moja alitumia elimu hiyo kuwashinda wenzake katika mabishano. Julai 2006 jarida la The New Yorker la Marekani likaandika habari zake likimwita profesa. Mapema mwaka 2007 ukweli ukafichuka: alikuwa kijana wa miaka 24, hana shahada hizo, wala hajapata kufundisha popote. Jarida likachapisha masahihisho. Jimmy Wales, ambaye mwanzoni alimtetea, akamtaka aachie nyadhifa zake, na Machi 2007 Essjay akaondoka.

Wengi wakasema dawa ni kudai vyeti, na Wales mwenyewe akapendekeza kwamba anayejitangaza msomi athibitishe. Lakini wahariri hawakuifanya kuwa sharti. Hoja ilikuwa kwamba elimu ya mtu isingepaswa kutumiwa kushinda mabishano tangu mwanzo. Kama wenzake Essjay wangeshika kanuni na kudai chanzo kila mara, uprofesa wake wa uongo usingemsaidia kitu.

Akina mama, hapo tulijiona kama katika kioo. Diploma zetu ni za kweli, tumezitolea jasho. Lakini siku ile ukumbini tulifanya kosa lile lile la Essjay: tuliulizwa chanzo, tukajibu kwa cheo.

Kusitiri jina si kudanganya

Tusije tukadhani kwamba kila anayeficha jina ni mwongo. Kusitiri jina ni jambo moja, na kujivika heshima usiyokuwa nayo ni jambo jingine kabisa. Wako wahariri, hasa wanawake, ambao hutukanwa na kutishwa wanapojulikana ni akina nani. Wako wanaoandika katika nchi ambako ukweli una gharama. Machi 2022 huko Minsk, nchini Belarusi, mhariri mmoja alikamatwa baada ya habari zake binafsi kuanikwa mtandaoni, kwa sababu ya yale aliyoyaandika Wikipedia juu ya uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Kwa watu kama hao jina la bandia ni ngao.

Nasi wauguzi tunaijua thamani ya kusitiri. Mama anayekuja kliniki na siri yake hatutangazi jina lake, wala ukweli wa ugonjwa wake haupungui kwa kuwa hakutajwa.

Turudi ukumbini

Mwezi uliofuata tulisimama mbele ya akina mama wale wale. Tuliwaambia kwamba tulikosea juu ya spiriti, tukawasomea mwongozo, tukawaonyesha mahali ulipoandikwa. Kisha tukamwomba radhi yule mwalimu mbele ya wote, kwa kuwa tulimwaibisha mbele ya wote.

Hakuwapo. Alikuwa amejifungua. Basi tukamfuata nyumbani kwake na kilo mbili za sukari na sabuni. Ndipo akatueleza kwa nini aliuliza. Kitovu cha mtoto wake wa kwanza kilikaa mpaka siku ya 17, ilhali alikipaka spiriti kama alivyoagizwa. Mama mkwe alimlaumu kuwa mzembe, akataka kipakwe majivu, na nyumba ikakosa amani. "Nilitaka neno la kumwonyesha mama," akasema, "si la kubishana naye." Alikuwa amekuja kwetu kutafuta msaada, nasi tukamchekesha watu.

Mama mkwe alikuwa ameketi hapo hapo. Tulimsomea ule mwongozo taratibu, kwa heshima. Akaomba kurudiwa sehemu ya vitu vya kupaka. Kitovu cha mtoto wa pili kiliachwa kikavu, kikadondoka siku ya nane.

Mama mpenzi, kila siku unaletewa habari kwenye simu: dawa ya kikohozi, chanjo, chakula cha mtoto. Nyingine huanza kwa maneno "daktari mmoja amesema." Usidanganywe na neno daktari. Uliza ni chapisho gani, la mwaka gani, la shirika gani, na kama linatajika ulitafute au umwombe aliye karibu akutafutie. Lisilo na chanzo usilitume mbele kwa akina mama wengine. Watu wa Beroya walimsikiliza mtume Paulo mwenyewe, kisha wakaenda kuchunguza kila siku kama ndivyo yalivyo, nao wakasifiwa kwa hilo.

Na mtoto wako akikuuliza, "Mama, hilo limeandikwa wapi?", usimpige kofi la maneno kama tulivyofanya sisi. Vaa miwani, mkae pamoja, mtafute.